Kamba Niliyoikata Mvuani

Mpendwa binti yangu Cherop,

Jumatatu ijayo matrekta yanaingia kwenye kiwanja chetu cha mbio pale chuoni. Yatakwangua ile changarawe nyekundu tuliyoibeba kwa mikono, watu watamwaga lami, na juu ya lami watandike raba kama ile unayoiona kwenye televisheni wakati wa mashindano ya dunia. Jumamosi, siku mbili kabla, chuo kimewaita watu waje kukiaga kiwanja cha zamani. Mimi ndiye niliyekipima na ndiye mkongwe aliyebaki, kwa hiyo nimeombwa nieleze historia yake kwa dakika kumi na tano. Nimekaa na kalamu siku nne, na kila nilipoanza, hotuba ilikugeukia wewe. Basi nimeiacha. Nakuandikia barua, na ukiniruhusu, hii ndiyo nitakayowasomea.

Utanivumilia nikieleza mambo unayoyajua. Mama yako alisema mimi siwezi kuomba chumvi mezani bila kwanza kueleza inakotoka. Lakini wako watakaosikiliza ambao hawakuwapo, na jambo lenyewe halitaeleweka bila kuanzia kwenye kamba.

Kiwanja kile kilikuwa shamba la mahindi la chuo, mahali pekee palipokuwa tambarare. Kwingine kote ni mteremko na chai. Chuo kilikuwa kichanga, nami nilifundisha jiografia darasani na riadha nje. Hatukuwa na tepu ndefu ya kupimia. Mpima ardhi mmoja wa shamba la chai upande wa Kimulot alituazima tepu yake ya chuma kwa alasiri moja tu. "Mwalimu, jioni iwe imerudi," akaniambia, "kesho naihitaji." Na wewe unazijua alasiri zetu. Saa nane mvua ilifika kama mfanyakazi wa zamu.

Nilikuwa nimenunua kamba ya mkonge sokoni Chepseon. Niliitandaza kando ya ile tepu, imelowa chapachapa, mama yako ameshika mwisho mmoja, wewe uko mgongoni mwake umefunikwa nailoni, na mimi nimeshika mwisho wa pili na kisu. Mita hamsini kamili. "Baba Cherop," akasema mama yako, "si tungoje ikauke kwanza?"

"Kamba ni kamba," nikamjibu. Nikakata.

Tuliitundika ghalani wiki nzima, karibu na jiko la bweni, ikakauka. Kisha asubuhi moja ya jua nikaitumia kupima kiwanja, mara nane kukizunguka, wanafunzi wakipanga mawe nyuma yangu kuonyesha ukingo wa ndani. Hamsini mara nane ni mia nne. Siku hiyo nilifurahi kama Nuhu aliyepigilia msumari wa mwisho.

Ulikulia pale. Ulijifunza kutembea kwenye majani yaliyo katikati ya kiwanja, ng'ombe wa chuo wakikuchungulia. Uliona tulivyoligeuza ghala la zamani la kuanikia majani ya chai kuwa chumba cha mazoezi, na vyuma vyetu vya kunyanyua vilikuwa mabomba ya maji yenye makopo ya rangi yaliyojazwa saruji pande mbili. Dimbwi la mbio za kuruka viunzi na maji halikuhitaji bomba, kwa sababu mvua ililijaza yenyewe, na vyura wakalikalia kwanza. Mistari tulichora kwa chokaa asubuhi, na jioni ilikuwa imeoshwa. Ulipofika darasa la tano ulijua kuchora mstari mnyoofu kuliko karani wangu.

Na kutoka kwenye kiwanja hicho cha makopo na vyura tulishinda, Cherop. Ile kabati ya vioo iliyokuwa ya vitabu vya maktaba ilijaa vikombe hadi maktaba ikaomba ipewe kabati nyingine. Vijana wetu walikwenda kwenye michezo ya vyuo vikuu wakiwa na viatu vya kuazimana na wakarudi wamevaa nishani. Wawili waliitwa timu ya taifa. Walimu wa vyuo vikubwa walikuja kuniuliza siri yetu ni nini, nami, kama kawaida yangu, niliwaeleza. Niliwaeleza juu ya mwinuko wetu na hewa nyepesi. Niliwaeleza juu ya mursik, maziwa yetu ya kugandishwa kibuyuni, na ugali wa wimbi, na juu ya mazoezi ya kupanda vilima kati ya mistari ya chai, mahali ambapo mguu usipoinuka unakwaruzwa. Niliwaeleza kwa nini wakimbiaji wetu wakishuka kwenda kukimbia Nakuru au pwani muda wao unakuwa bora ghafula. Kule ni chini, nikasema, mapafu yanapata hewa zaidi. Maelezo yangu yote yalikuwa sahihi. Lilikosekana moja tu.

Sasa nifike kwenye Jumamosi ile ya majaribio.

Ulikuwa mwaka wa tatu katika masomo ya uuguzi. Chuo chetu kilikuwa kimealikwa kwa mara ya kwanza kwenye michezo ya nje ya nchi, na nafasi za wasichana wa mita elfu tano zilikuwa mbili. Mimi niliweka sheria. Hakuna jina litakaloingia kwenye timu kwa maneno. Muda unaotakiwa umeandikwa ubaoni, na mkimbiaji ataupata kwenye kiwanja chetu, asubuhi moja, mbele ya macho ya wote.

Sheria hiyo niliiweka kwa sababu yako. Hukuwahi kuambiwa hivyo. Wazazi waliotoka milima ya Kisii, watu wa kuchuma chai na kuuza ndizi, walikuwa wakinisimamisha njiani na kuniuliza kwa upole unaouma, "Mwalimu, hata watoto wetu watapelekwa?" Nao Wakipsigis wenzangu walicheka, wakasema bila shaka binti wa mwalimu ameshafunga sanduku. Niliona dawa ya maneno hayo ni saa.

Ukungu ulikuwa mzito asubuhi ile. Mlikuwa watano. Nyaboke, binti wa mchuma chai mmoja wa Kisii aliyekaa kule bondeni, rafiki yako na mpinzani wako, alikuwa akikutania mkinyoosha miguu.

"Binti ya mwalimu, leo utaenda na ndege ama na ng'ombe za babako?"

"Wewe angalia tu mgongo wangu," ukamjibu, "usije ukapotea kwa ukungu."

Mlikimbia mizunguko kumi na miwili na nusu. Nyaboke alikuacha kwenye mzunguko wa tisa, akamaliza ndani ya muda. Wewe ulikuwa wa pili, peke yako, na nakumbuka jinsi ulivyotoka kwenye kona ya mwisho, pale kiwanja kinapopakana na chai. Wachumaji walikuwa wamefika ukingoni mwa shamba. Ulipowapita walipiga vigelegele, mmoja akainua kikapu juu kama kombe. Niliudhika. Nilidhani wanakupotosha, kwamba utadhani umefika nawe bado. Nilikupungia mkono uje, uje. Ulipokanyaga mstari nilibonyeza saa, na saa ikasema umezidisha sekunde nane.

Uliinama, mikono magotini. Kisha Nyaboke akaja, jasho bado linamtiririka.

"Mwalimu, si umwekee tu! Sekunde nane ni nini? Mtu akipiga chafya mbili zimeisha."

"Saa haina mtoto," nikasema.

Uliinua kichwa. Hukulia, wala hukunililia. Ulisema kama mtu anayetoa taarifa: "Baba, hiki kiwanja ni kirefu. Nimekimbia Nakuru, nimekimbia kwingine. Hapa mzunguko hauishi. Miguu yangu inajua."

Na mimi, mbele ya watu wote wale, nikakujibu, "Mkimbiaji aliyechoka huona kila kiwanja ni kirefu."

Walicheka. Wanafunzi hucheka mwalimu anaposema jambo linalosikika kama methali. Nami nilifurahi kwamba wamecheka, maana kicheko kile kilikuwa ushahidi kwamba sikumpendelea mtoto wangu. Wewe ulikaa chini kwenye nyasi, ukavua viatu vyako vya misumari, ukafuta changarawe kwa majani taratibu, kiatu kimoja, kisha cha pili, ukampa Nyaboke kwa sababu vyake vilikuwa vimepasuka. Kisha ukaenda nyumbani peku ukikata kupitia kwenye chai.

Sikukuona tena ukikanyaga kiwanja kile.

Mama yako alikuwa amekwisha kuandaa kibuyu. Unajua desturi yetu. Mkimbiaji akirudi na ushindi, mama yake humngoja langoni na mursik, amnyweshe kabla hajazungumza na mtu mwingine. Alikuwa amekisugua kibuyu chake kwa mkaa wa mti wa senetwet na kugandisha maziwa mapema, yakolee. Timu iliporudi na Nyaboke amevaa nishani, mama yake Nyaboke hakuwa na kibuyu, si desturi ya kwao. Mama yako alitoka na kile chako. Alimnywesha Nyaboke mbele ya lango la chuo, akamvalisha shada la majani ya sinendet, akasema "kongoi", asante, kwa sauti, na watu wakaimba. Tulipofika nyumbani alikiosha kibuyu, akakitundika, akaniambia neno moja tu: "Umempima mtoto kama gunia." Hakulirudia hadi tulipomzika.

Ulimaliza masomo, ukaenda kuwauguza wazee wa watu wengine mbali sana na hapa. Unapiga simu kila Jumapili. Unauliza ng'ombe, unauliza goti langu, unauliza kama mvua imeharibu barabara ya Boito. Kwa miaka yote hii hujauliza kiwanja, hata mara moja. Nami sijakitaja. Tumekizunguka, wewe na mimi, kama watu wanaozunguka shimo shambani hadi njia mpya inaota.

Wiki tatu zilizopita alikuja mpima ardhi wa hii kazi mpya. Ni msichana mdogo, umri wa kuwa mjukuu wangu, na chombo chake cha kioo juu ya miguu mitatu. Nilikwenda kumtazama, maana mzee aliyestaafu hana kazi nyingine. Alipima, akaandika, akapima tena. Kisha akaja nilipokuwa nimekaa.

"Mzee, samahani, nani alipima hii?"

"Ni mimi."

"Na tepu gani?"

"Kamba."

Akatazama karatasi yake. "Mzunguko umezidi na mita sita."

Nikamwambia labda mvua za miaka mingi zimesukuma kingo. Akatabasamu kwa adabu.

"Mawe hayatembei, mzee. Na yamepangwa vizuri, yote yamelingana. Ni kama mtu alikosea kwa uangalifu sana."

Nilirudi nyumbani. Sikuwa bado nimeelewa. Kulikuwa na jua kali la kabla ya mvua, na jirani alikuwa ameanika nguo uani. Kamba yake ni ya mkonge, kama ile ya mama yako. Ilikuwa imelegea, mashuka yanakaribia kugusa nyasi. Nikakumbuka mama yako kila siku ya jua akitafuta fito ya kuinulia kamba yake, na kila siku ya mvua akilalamika kwamba imekaza hadi inataka kung'oa nguzo. Cherop, mkonge ukilowa hunywea, ukikauka hurefuka. Kila mwanamke wa nchi hii ya mvua anayefua nguo anajua hilo. Mimi mwenye shahada, niliyefundisha watu umande hutoka wapi, niliikata kamba ikiwa imenywea na nikaitumia ikiwa imerefuka. Kila hamsini yangu ilikuwa na robo tatu ya mita ya ziada. Robo tatu mara nane ni sita.

Nikatoa daftari la zamani. Mita sita kwa mizunguko kumi na miwili na nusu ni mita sabini na tano. Kwa mwendo wako wa siku ile, mita sabini na tano ni sekunde kumi na tano. Ulikosa kwa nane. Nimepiga hesabu hiyo kwa njia tatu, nikitumaini nimekosea tena. Sikukosea. Ulikuwa umefuzu, mwanangu, na ukabakiwa na sekunde saba.

Nilimwendea mkurugenzi wa michezo, ambaye alikuwa mwanafunzi wangu, mrukaji viunzi aliyewahi kutumbukia kati ya vyura wale dimbwini. Kiwanja kipya kimepangwa kupewa jina langu, na jiwe limekwisha kuchongwa. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akafunga mlango.

"Mwalimu, hii tuiache tu. Medali ni zile zile. Tena watu wakisikia, watasema tulishinda kwa sababu tulizoea kukimbia mbio ndefu zaidi bila kujua."

"Si ndivyo ilivyokuwa?"

"Ndivyo, lakini lazima isemwe? Jina lako liko kwa jiwe tayari."

"Basi jiwe lingoje."

Nilimwomba mambo mawili. La kwanza, jina langu lisiwekwe. Kiwanja hakiwezi kuitwa kwa jina la mtu aliyekipima vibaya. Amekubali kwa shida. La pili, anipe kitabu cha kumbukumbu za muda. Nimeufungua ule ukurasa, na kwa mkono wangu, kwa wino mwekundu, nimeandika pembeni ya jina lako: alifuzu, kosa ni la mpimaji. Nimetia sahihi. Nyaboke, ambaye leo ndiye kocha mkuu wa chuo na ndiye atakayekutumia barua hii kwa simu yake, alisimama kando yangu. Aliyasoma maneno hayo, kisha akasema, "Viatu vyake bado ninavyo, Mwalimu. Nilikuwa naona haya kuvirudisha." Na yeye pia alikimbia zile mita za ziada asubuhi ile, na hakuna aliyempa shukrani kwa hizo.

Nimefikiri sana juu ya haki. Nilidhani haki ni kuwa mkali zaidi kwa aliye wako. Leo naona kwamba ukali ule nao ulikuwa upendeleo, ila niliyempendelea ni mimi mwenyewe na jina langu. Kama angekuwa mtoto wa mtu mwingine aliyeniambia kiwanja ni kirefu, huenda ningechukua kamba nikapime tena, ili nimwonyeshe. Wewe sikukupima tena kwa kuwa ulikuwa wangu. Watu wawili waliniambia ukweli, mmoja ameshika kamba mvuani na mwingine ameinama mstarini, na wote wawili walikuwa wa nyumba yangu.

Sikuombi unisamehe upesi. Mbio ile haiwezi kurudiwa, na kuna mambo katika maisha yako ambayo pengine yaligeukia pale, nami sina hesabu ya kuyajua. Kibuyu cha mama yako nimekishusha. Nilijaribu kukisugua mkaa mwenyewe, na jirani akanicheka akasema ninakipaka kama ukuta. Kipo. Kitangoja.

Jana alasiri, kabla mvua haijafika, nilikwenda kiwanjani na fimbo yangu. Nilianzia kwenye mstari wangu wa kumalizia na kurudi nyuma, nikihesabu mita sabini na tano. Unajua zilinifikisha wapi? Pale kwenye kona ya mwisho, ukingoni mwa chai. Siku hizi kuna mashine inayokata majani, wachumaji wamebaki wachache, lakini mahali ni pale pale. Hapo ndipo mbio yako ilipokwisha, Cherop. Walipopiga vigelegele na kuinua kikapu, ulikuwa umemaliza. Hawakujua, lakini walikuwa wamesimama mahali sahihi. Mimi nilikuwa mbele kule, na saa mkononi, nakupungia uje.

Nilipachika kijiti hapo. Jumamosi wameniwekea kiti kwenye jukwaa, ila nikiruhusiwa nitasomea pale penye kijiti, watu wasogee.

Lakini ni lazima uruhusu wewe. Jina ni lako, na machungu ni yako, na mbele ya watu niliwahi kuyasema mengi bila kukuuliza. Ukisema hapana, nitaikunja karatasi hii nikae kimya, na kiwanja kiagwe kwa nyimbo tu. Ukitaka muda wa kufikiri, chukua wote unaoutaka. Saa nimeiweka chini.

Ubaki salama huko uliko, binti yangu, na Mungu akulinde.

Ni mimi baba yako, niliyekungoja mahali ambapo hapakuwa mwisho wa mbio